Rekodi za klasiki zilizoshinda tuzo: namna ya kuzitafuta, kuzipakua na kuzisikiliza kwa sabufa ya kigango

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya wa Mtwara au Lindi anayetaka kuwasikilizisha wanakwaya wake rekodi za klasiki zilizotuzwa, akiwa na simu janja, bando la kawaida na sabufa. Vifaa hivyo vinatosha. Kazi huharibika zaidi pale mtu anapopakua rekodi isiyo yenyewe, au anapoacha besi ya sabufa juu kama ya harusini.

Soma kipengele kabla ya jina la mshindi

Tuzo hazifanani. Grammy hupigiwa kura na wanachama wa Recording Academy ya Marekani, yaani wanamuziki, maprodyuza na wahandisi wa sauti wenyewe. Sherehe yake kwa kawaida huwa mwanzoni mwa mwaka, lakini dirisha la rekodi zinazoruhusiwa hufungwa karibu na mwisho wa Agosti iliyotangulia, kwa hiyo rekodi iliyotoka Oktoba husubiri mzunguko mwingine. Gramophone ni jarida la Uingereza lililoanzishwa 1923, na tuzo zake zilianza 1977. Huko wanaoamua ni wahakiki. Miaka ya karibuni matokeo yake hutangazwa Oktoba, wakati minada ya korosho inaanza na watu hawalii sana na bei ya bando. Tuzo za BBC Music Magazine zina njia ya kati: jopo huchuja, kisha umma hupiga kura.

Ndani ya kila tuzo kuna vipengele, na hapo ndipo pa kutazama. Kipengele cha uhandisi wa sauti kinasifu namna maikrofoni zilivyonasa ukumbi. Cha kwaya kinasifu uimbaji. Cha opera kinasifu kundi zima, waimbaji na okestra. Ukitaka wanakwaya wajifunze kupumua pamoja, rekodi iliyoshinda kwa uhandisi inaweza isikusaidie hata kidogo. Mfano ulio karibu nasi ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV. Ilipata Grammy mwaka 2011, ikawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo. Lakini ilishinda kwa upangaji wa ala zinazosindikiza sauti. Albamu yake, Calling All Dawns, ilishinda mwaka huohuo katika kipengele cha klasiki iliyochanganywa na mitindo mingine. Anayeipeleka darasani kama mfano wa klasiki halisi anakosea kipengele.

Hakikisha umeipata yenyewe

Kazi moja ya Beethoven ina rekodi nyingi mno, na tuzo ni ya moja tu kati ya hizo. Kabla ya kutafuta, andika mahali mtunzi, jina la kazi na namba yake, kondakta au mpigaji, okestra au kwaya, lebo (kampuni iliyoitoa rekodi), na mwaka wa kurekodiwa. Mwaka wa kutolewa peke yake hautoshi, kwa sababu rekodi za zamani hutolewa upya kila mara zikiwa na jalada jipya na tarehe mpya.

Mpiga piano Glenn Gould ndiye mtego maarufu zaidi. Alirekodi Goldberg Variations za Bach mara mbili studioni, 1955 na 1981. Mpigaji ni yuleyule na noti ni zilezile, lakini ya kwanza inachukua dakika 38 hivi na ya pili inafika 51. Iliyopata Grammy ya albamu bora ya klasiki mwaka 1983 ni ile ya 1981. Ukikuta kipande cha kwanza kabisa, ile Aria, kinaisha kabla ya dakika 2, umepakua ya 1955. Ile nyingine inazidi dakika 3 kidogo. Kulinganisha urefu wa vipande ndiyo njia ya haraka ya kuthibitisha rekodi yoyote: soma dakika zilizoandikwa kwenye ukurasa wa lebo, kisha zitazame kwenye simu yako. Tofauti ya sekunde 2 au 3 si kitu, ila ikifika sekunde 20 ujue umebeba nyingine.

Kwenye kisanduku cha kutafutia, jina la kazi pekee huleta vurugu. Anza na jina la ukoo la kondakta, ongeza la mtunzi, kisha namba ya kazi. Programu ya Apple Music Classical, iliyotoka 2023, imetengenezwa kwa utafutaji wa aina hii. Kwenye YouTube chagua chaneli ya lebo au ya okestra yenyewe. Video za mashabiki mara nyingi zimebanwa sauti hadi vinanda vinasikika kama vimefunikwa sufuria.

Hesabu ya bando

Dakika moja ya sauti kwa kbps 96 (kbps ni kipimo cha data inayotumika kila sekunde) inakula MB 0.7. Kwa kbps 160 ni MB 1.2, na kwa kbps 320 ni MB 2.4. Kwa hiyo albamu ya dakika 65 ni takriban MB 47, 78 au 156. Faili zisizopoteza ubora, zile za FLAC za kiwango cha CD, hufika MB 300 hivi kwa albamu hiyohiyo, na za kiwango cha juu zaidi huvuka GB 1. Kwa sabufa, kbps 320 inatosha kabisa. Fedha ya FLAC inunulie waya mzuri. Opera nayo ihesabu mapema. Les Troyens ya Berlioz chini ya John Nelson, iliyokuwa Rekodi ya Mwaka ya Gramophone 2018, inakaribia saa 4, yaani zaidi ya MB 500. Pakua usiku, na weka programu ishuke kwa Wi-Fi au bando moja tu, isije ikarukia laini ya pili na kumaliza salio.

Sabufa

Hapa ndipo penye kazi. Muziki wa klasiki hurekodiwa ukiwa na tofauti kubwa kati ya sauti ya chini na ya juu, wakati sabufa imetengenezwa kupendezesha ngoma na bongo fleva. Ukiiacha ilivyo, chelo na besi za kwaya hugeuka ngurumo moja na maneno hupotea.

1. Zima kila kitufe cha kuongeza utamu: X-Bass, 3D, Rock, Pop. Kama kuna ekwalaiza, iweke sawa yote. Shusha besi hadi robo ya mzunguko wake, kisha ipandishe kidogokidogo mpaka usikie besi bila kulitambua sanduku lilipo.

2. Tenganisha spika ndogo mbili. Watu wengi huzipanga juu ya sanduku, na okestra nzima inabaki katikati kama imekaa kwenye kiti kimoja. Ziweke mita 2 mbali, usawa wa masikio ya aliyeketi, zikiwa angalau nusu mita kutoka ukutani. Msikilizaji wa kati akae mita 2 hadi 2.5 kutoka kila moja. Wengine wajipange nyuma yake badala ya kutawanyika pembeni.

3. Ukiunga waya kuongeza urefu, chanya iende chanya na hasi iende hasi kwa spika zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta, besi inakufa na sauti ya katikati inakuwa na shimo. Jaribu kwa rekodi ya mwimbaji mmoja: sauti isiposimama katikati ya spika mbili, geuza waya za upande mmoja.

4. Tumia waya wa AUX badala ya Bluetooth kama tundu lipo. Weka sauti ya simu karibu asilimia 85, na ya ukumbini irekebishe kwenye sabufa. Simu ikiwa chini mno, utalazimika kuifungua sabufa sana na mvumo wake utafunika sehemu za kimya. Washa hali ya ndegeni, maana ujumbe wa WhatsApp katikati ya pianissimo, yaani sehemu ya sauti ndogo kabisa, unaudhi kuliko unavyodhani.

5. Kwenye programu ya muziki zima usawazishaji wa sauti kati ya nyimbo, na zima kipengele cha kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine. Baadhi ya sehemu za simfonia huungana bila pengo, na programu hukata pumzi mahali ambapo mtunzi hakutaka.

Kiwango cha sauti hupangwa kwa kuanzia mwisho. Tafuta mahali penye kelele kubwa kuliko pote katika kipande, mara nyingi dakika 2 za mwisho. Weka sauti pale ili spika isipasuke na watu wasizibe masikio, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Mwanzo utasikika mdogo. Waambie wanyamaze. Anayepandisha sauti kwenye sehemu ya kimya ndiye atakayeunguza spika dakika kumi baadaye.

Chumba nacho ni chombo. Piga kofi moja katikati ya ukumbi: ukisikia "trrr" inayorukaruka kati ya kuta, tandika mikeka sakafuni na tundika vitenge vizito ukuta wa nyuma. Zima feni. Bati lisilo na dari halishindani na mvua, kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili uwe na siku ya akiba. Kwa Lindi, Mikindani na Kilwa, anzeni saa 10:15, adhana ya Alasiri ikiwa imepita, mmalize saa 11:45 kabla ya Magharibi. Umeme ukikatika, sabufa yenye tundu la volti 12 itaendelea kwa betri. Jenereta, kama hamna budi, ikae upande wa pili wa jengo.

Dakika 90 za kikao

Usipige simfonia nzima siku ya kwanza. Anza na Aria ya Gould, ya 1955 kisha ya 1981, bila kusema ipi ni ipi. Sawazisha sauti kwanza kwa programu ya simu inayopima desibeli, kwa sababu yenye sauti kubwa kidogo tu huonekana bora hata kama si bora. Waulize wameona nini kimebadilika. Jumla ni dakika 5, na inafundisha maana ya "rekodi" kuliko hotuba.

Kisha leta Florence Price, Simfonia namba 1, Philadelphia Orchestra chini ya Yannick Nézet-Séguin. Albamu hiyo, yenye pia namba 3, ilipata Grammy ya okestra mwaka 2022. Cheza sehemu ya tatu, Juba, iliyojengwa juu ya dansi ya watumwa Waafrika wa Marekani ya kupiga makofi na kujipiga mwilini. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili wapige makofi kufuata mdundo, na wataona wenyewe ulipohamia kutoka fidla hadi ngoma.

Sehemu kubwa ya muda ipewe Peter Grimes ya Benjamin Britten, Edward Gardner na Bergen Philharmonic, Rekodi ya Mwaka ya Gramophone 2021. Ni opera ya mvuvi anayelaumiwa na mji wake kwa kifo cha mwanagenzi wake, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa bahari. Vipande vya okestra kati ya maonyesho vinatosha: mapambazuko, kisha dhoruba. Mapambazuko huanza kwa fidla na filimbi nyembamba juu kabisa, halafu ala nzito za shaba hupanda chini yake. Ukisikia ngurumo badala ya tarumbeta, rudi hatua ya 1. Malizia kwa kundi la wanakijiji wakimsaka Grimes, na walimu wa sauti wasikilize konsonanti za mwisho wa maneno zinavyofungwa pamoja.

Noti za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha zinapatikana bure IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni. Britten alifariki 1976, hivyo zake hazimo kwa uhuru huo. Mkitaka kutoza kiingilio, ulizeni kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Mafaili mliyonunua yahifadhini kwenye flashi mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa katibu, kila faili likiitwa kwa mtunzi, kazi, kondakta na mwaka. Yaliyopakuliwa ndani ya programu ya kulipia kwa mwezi hayahamishiki kwenye flashi. Spotify hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hufuta yote, kwa hiyo iwasheni data siku moja kabla ya kikao.