Kufuta msimbo wa makatizo uliojirudia kwenye KVM, mgeni akiwa na mgeni wake

Haya ni kwa vijana wa Mtwara na Lindi wanaoichokonoa kerneli ya Linux kwenye kompyuta za Intel. KVM ni sehemu ya kerneli inayoendesha kompyuta pepe, yaani wageni; katizo (interrupt) ni ishara inayomtaka kichakataji aache alichokuwa akifanya aishughulikie. L0 ni KVM ya kompyuta yenyewe, L1 ni mgeni wake, L2 ni mgeni wa mgeni.

1. Pata historia nzima ya msimbo wa kerneli. Usitumie `--depth 1`, maana `git blame` itakosa la kukuambia. `git clone` ikikatika huanza upya na bando limekwenda. Mwenye mtandao mzuri Mtwara mjini aishushe mara moja, apige `git bundle create kerneli.bundle --all`, faili lisafiri kwa fleshi hadi Masasi au Lindi. Likizidi GB 4, FAT32 italikataa. Fomati fleshi kwa exFAT.

2. `/sys/module/kvm_intel/parameters/nested` isome Y, yaani mgeni anaruhusiwa kuwa na mgeni wake. Tangu Linux 4.20 huwashwa yenyewe.

3. Thibitisha kwamba msimbo unaotaka kuufuta umejirudia kweli. Hapa ndipo saa huliwa. Katizo la L1 likifika wakati L2 anakimbia, na L1 ameomba kukatizwa, L2 lazima asimamishwe na L1 arudi kazini. Uamuzi huo hufanywa na `vmx_check_nested_events`. Halafu unafungua `vmx_interrupt_allowed` na kukuta `nested_exit_on_intr` inaulizwa tena, na mkono unawasha kufuta. Usifute! Katizo huweza kuingia baada ya ukaguzi wa kwanza kupita. Ile `-EBUSY` (jibu la "si sasa") inayorudishwa hapo ndiyo inayozuia katizo la L1 lisidungwe (inject), yaani lisiingizwe, kwa L2.

Kwa kila tawi la msimbo (`if`) unalolishuku, jiulize:

- `nested_run_pending` ikiwa imewashwa, linafanya nini? L1 ameshaagiza L2 aingie lakini L2 hajaingia. Wakati huo huruhusiwi kumtoa.
- Linagusa biti 15 ya vidhibiti vya kutoka (VM-exit controls) alivyoviweka L1? Ikiwashwa, L0 humkabidhi L1 namba ya katizo wakati wa kutoka. Isipowashwa, katizo linabaki likisubiri. Ukichanganya hizi mbili, katizo hupotea au hufika mara mbili.
- Kuna tukio lililokuwa katikati ya kudungwa kwa L2? Lazima lihifadhiwe kwenye `vmcs12`, kumbukumbu ambamo L1 huweka hali ya L2.

Likipita yote, weka kwanza `WARN_ON_ONCE` ndani yake, ilalamike kwenye `dmesg` tawi likifikiwa. L2 awe na vCPU (vichakataji pepe) kadhaa, ajenge kerneli huku L1 akimpigia `ping -f`. Ukimya wa `dmesg` bila mzigo si ushahidi. Kufuatilia, tumia `trace-cmd record -e kvm`; `printk` huchelewesha mambo na kuificha hitilafu unayoitafuta.

4. Futa, jenga, jaribu. `make M=arch/x86/kvm` inatosha ukiwa umeshajenga kerneli hiyo. Pakia moduli upya, kisha kwenye kvm-unit-tests piga `./run_tests.sh -g vmx`. Ukigusa `x86.c`, jaribu na kwenye AMD, kwani faili hilo ni la wote.

5. Kiraka (patch) kimoja, ufutaji mmoja, bila kupanga upya nafasi za mistari. Kwenye maelezo andika ni ukaguzi upi unaobaki kufanya kazi ya uliofutwa. Wapokeaji utawapata kwa `scripts/get_maintainer.pl`.