Kuitia fremu mpya chapa ya Paracelsus bila kuiumiza karatasi

Mwezi uliopita nilimsaidia daktari mmoja kubadilisha fremu ya picha ya Paracelsus, tabibu na mwanaalkemia aliyezaliwa Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1493 na kufariki Salzburg, mji ulio Austria ya leo, mwaka 1541. Aliinunua huko huko Salzburg alipokwenda kuliona kaburi lake. Ni chapa ya baadaye, yaani picha iliyopigwa karatasini kwa bamba lenye wino, iliyofuata picha aliyoitengeneza msanii Mjerumani Augustin Hirschvogel mwaka 1538, inayomwonyesha Paracelsus kwa upande, utosi una upara na nywele zimejikunja kisogoni. Mtu fulani aliongeza rangi kwenye vazi kwa mkono. Kadi ya zamani, ile yenye dirisha inayokaa kati ya picha na kioo, ilikuwa imeacha mstari wa kahawia kuizunguka picha, na ukingo wa juu ulikuwa umebandikwa kwa selotepu.

1. Itambue chapa yako. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nukta ndogo zilizojipanga kwa safu, hiyo imetoka katika mashine ya kisasa, na ikiharibika unaweza kununua nyingine. Ukiona mistari mizima ya wino, pamoja na mbonyeo wa bamba la shaba kuizunguka picha, endelea kwa uangalifu. Chapa za ubao hazina mbonyeo huo.

2. Itoe kwenye fremu. Laza fremu kifudifudi juu ya kitambaa safi na ung'oe misumari kwa koleo.

3. Ondoa gundi ya zamani. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Miaka iliyopita nililowesha kipande kilichogandishwa nyuma ya chapa nyingine, nikidhani kwamba maji kidogo hayana madhara, na yalipokauka yaliacha duara la rangi ya chai ambalo lilipenya hadi upande wa mbele. Maji husukuma uchafu uliomo ndani ya karatasi hadi pale unyevu unapokomea, na uchafu huo hubaki hapo. Kwa hiyo jaribu kwanza rangi: gusa sehemu ndogo isiyoonekana sana kwa pamba yenye unyevu, kisha uitazame pamba. Wino wa bamba ni wa mafuta na kwa kawaida hautoki, lakini rangi iliyopakwa kwa mkono hutoka upesi, na vazi la Paracelsus wetu lilitoa wekundu mara ya kwanza tu tulipoligusa. Kama gundi ni ya wanga au ya wanyama, paka juu ya kipande kilichobandikwa, wala si juu ya karatasi yenyewe, rojo nzito ya methiliselulosi (unga utokanao na selulosi, unaokorogwa na maji), subiri dakika chache, kisha uinue kipande hicho taratibu kwa kisu butu chembamba, ukikilaza karibu sawa na karatasi. Kikikataa, ongeza muda, usiongeze nguvu. Selotepu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa maji hayaisaidii: pasha kisu joto la wastani, upenyeze chini ya utepe milimita chache kwa wakati mmoja, na simama mara tu unapoona nyuzi za karatasi zikinyanyuka. Doa la manjano linalobaki muachie mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Kwa chapa ya daktari tuliliacha, na sijutii.

4. Tengeneza bawaba, yaani vipande vidogo vya karatasi vinavyoishikilia chapa mahali pake ndani ya fremu. Natumia karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano tu. Sikubali utepe wowote unaojigandisha, hata ule unaouzwa kwa jina la kuhifadhia, kwa sababu bawaba inapaswa kuwa dhaifu kuliko chapa, ili picha ikianguka ichanike bawaba. Tumia wanga, si unga, changanya sehemu moja kwa tano za maji, pika huku ukikoroga hadi ung'ae, kisha uchuje. Weka bawaba mbili kwenye ukingo wa juu pekee. Karatasi hutanuka wakati wa unyevu, na ukiibana pande zote itajikunja.

5. Kata dirisha la kadi. Kadi iwe isiyo na asidi, na dirisha lipite nje ya mbonyeo wa bamba. Mafundi wengi hufunika maandishi ili picha ionekane nadhifu, ilhali juu ya picha ya Hirschvogel kuna kaulimbiu ya Kilatini ya Paracelsus mwenyewe, isemayo kwamba awezaye kuwa wake mwenyewe asiwe wa mwingine, na chini kuna maneno yanayotaja kuwa alikuwa na umri wa miaka 45. Kuyaficha maneno hayo ni kumnyang'anya sauti yake. Usipunguze kingo za chapa kwa mkasi kwa sababu yoyote ile.

6. Funga na utundike. Kioo kisiguse karatasi. Unene wa kadi unatosha kuvitenganisha. Bandika vipande vya koki kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Ya daktari ipo kwenye korido isiyofikiwa na jua, na kila masika yakiisha ataishusha atazame kama kuna ukungu mgongoni.