Jinsi ya kumrudisha mshkaji wako wa zamani na kumshika asipotee tena

Wanaume tukishavuka 35 hivi, ukituuliza marafiki zako ni kina nani tunataja watu ambao mara ya mwisho tumeonana nao msibani. Mnashikana mikono pale, "mzee tutafutane bana", "poa kabisa", namba mnazo, halafu kimya mpaka msiba mwingine. Na wala hamjagombana, ni kazi, watoto, ujenzi kule Buhongwa hapa kwetu Mwanza, mmoja kahamia Sengerema, miaka inaenda. Mimi nimewarudisha watatu, ngoja nikwambie nilivofanya.

Chagua mmoja kwanza. Usianzishe grupu la wasap, yale yanaishia kuwa ya michango tu. Chukua yule ambaye ukipata jambo, zuri au baya, jina lake ndo linakujia.

Sasa meseji, hapa ndo wengi tunakwama. Unaandika "mambo", anajibu "poa", "za siku", "salama tu", imekufa. Na tusidanganyane, ukimwandikia mtu "mambo" baada ya miaka minne anachowaza ni kwamba unataka kumkopa. Andika kitu mnachokijua nyie wawili, weka na siku na mahali. Yangu ilikuwa hivi: "Oya mzee, leo mvua imenikuta Makoroboi, nimekumbuka tulivyokimbia na maboksi ya viatu kichwani ukadumbukia mtaroni. Jumapili Pamba wapo Kirumba, nikukatie tiketi?" Dakika mbili haziishi kajibu. Sikuelezea kwanini nilipotea, maana ukianza na maelezo marefu naye anaona inabidi ajieleze, anasema ntajibu nikitulia, na hatulii.

Kwanini uwanjani Kirumba? Wanaume ukituweka mezani tunatazamana tunakauka. Tukikaa bega kwa bega, macho yako kwenye mpira au kwenye ndoano pale mawe ya ziwani, maneno yanatoka yenyewe. Tangu Pamba, timu yetu ya Mwanza, wamerudi ligi kuu msimu wa 2024/25 kisingizio cha kukutana kipo. Siku ile mpira ulisimama kuna mchezaji anatibiwa, mwenzangu bila kugeuka akasema, "Bimkubwa kapooza, mwaka wa pili huu." Nikamuuliza, "Unamuuguza peke yako?" Akaitikia kwa kichwa, kopo la maji analibonyeza tu mkononi linalia krak krak. Hapo usikimbilie ushauri wala kusema yatapita. Uliza swali moja, kaa naye.

Kama kuna hela katikati, anza na hela, hili nakusisitiza maana deni limezika urafiki mwingi kuliko umbali. Wangu wa pili alinikopesha 150,000 mtoto amelazwa, nikashindwa kurudisha, nikaanza kumkwepa, siku nyingine nimemuona stendi ya Nyegezi nikajificha nyuma ya basi. Niliumia sana ile siku. Nikamtumia 30,000 kwenye simu na maneno machache, "hii ya kwanza, kila tarehe 5 mpaka iishe". Ya pili ilivyoingia akanipigia mwenyewe, tukaongea mpaka vocha ikaisha. Na kama wewe ndo unadai na umeamua kusamehe, mwambie wazi mara moja, "ile hela iache kaka", usimwachie akisie.

Kumshika sasa. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa utafiti kwamba mtu unayemfahamu tu anakuwa rafiki wa kawaida baada ya kama masaa 50 pamoja, na rafiki wa karibu ni zaidi ya masaa 200. Mimi naona huyu wa zamani masaa yake mlishayalipa mkiwa vijana, kinachotakiwa ni msiache yapoe. Kwahiyo wekeni siku isiyobadilika. Sisi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi saa kumi, sato wa kuchoma na ugali, hakuna kuulizana "vipi leo tupo?". Jumamosi tuliiacha kwasababu mmoja ni Msabato, na bia hailazimishwi maana mwingine kaacha. Wa Sengerema zamani alikuwa na sababu ya kivuko, ila daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unavuka dakika chache tu. Siku nyingine njooni na watoto, shemeji akiwafahamu wenzio hatauliza kila mwezi unaenda wapi.

Asipojibu usinune. Subiri mwezi, andika tena, ya tatu piga. Wangu wa tatu alikaa miezi miwili kimya nikajua basi, kumbe yuko kwao Ukerewe na simu ilizama ziwani. Akaja kuniandikia kwa namba mpya, "mzee ile Jumapili bado ipo?" Nikamwambia saa kumi, pale pale.