Samaki wakihema alfajiri: jinsi ya kusoma maji ya bwawa la perege

Mfugaji akikuta perege wamejaa juu ya maji alfajiri, midomo nje, mara nyingi wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu amemwaga sumu. Kwa kawaida hakuna aliyemwaga kitu. Bwawa limeishiwa oksijeni usiku. Sumu haichagui: huua wadogo kwa wakubwa, na vyura pamoja nao, saa yoyote. Upungufu wa oksijeni hupiga karibu na mapambazuko, na samaki wakubwa ndio hutangulia kufa.

Maji hubeba oksijeni kidogo sana, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9. Ikifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, toa tena kama asilimia 15. Perege naye hustawi kwenye nyuzi 26 hadi 30, pale ambapo anakula sana na kuhitaji oksijeni nyingi. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, hamu ya kula hupotea na ukuaji hudorora.

Joto lenyewe halibadiliki haraka, na hilo ni jema. Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chanya kidogo upande wa haidrojeni, kwa hiyo molekuli huvutana na kushikana. Nishati nyingi hutumika kulegeza mshikamano huo kabla maji hayajapanda hata nyuzi moja. Bwawa la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 1 lina lita 100,000. Usiku mmoja wa baridi haulitikisi. Bwawa la kina cha nusu mita hupoteza kinga hiyo, basi usiokoe nguvu kwenye kuchimba.

Tengeneza mwenyewe kifaa cha kwanza cha kusoma maji: sahani ya kupima uwazi wake. Kata mfuniko wa ndoo upate duara la upana wa sentimita 20, ligawe robo nne, upake nyeusi na nyeupe kwa kupokezana. Toboa katikati, pitisha kamba yenye alama kila sentimita 5, na ufunge jiwe chini. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa mgongoni, ishushe polepole mpaka isionekane, kisha soma kamba. Sentimita 25 hadi 35 ni nzuri: kuna mwani (vimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani) wa kutosha kulisha samaki na kutoa oksijeni mchana. Zaidi ya 40, bwawa lina njaa ya mbolea. Chini ya 20, mwani umezidi, na huo mwani wote nao unapumua usiku. Lakini kwanza chota maji kwenye glasi ya kioo. Yakituama na kuacha tope chini, kilichoficha sahani ni udongo, na kipimo hicho hakikuambii lolote kuhusu mwani.

Kifaa cha pili ni karatasi za pH, yaani kipimo cha asidi: chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 yana alkali. Pima saa kumi na mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri, mahali palepale, na uandike. Kipimo kimoja kwa siku hudanganya. Mchana mwani hunyonya hewa ya ukaa, ambayo ndani ya maji huwa asidi hafifu, hivyo pH hupanda; usiku hewa hiyo hurudi na pH hushuka. Ikicheza kati ya 6.5 na 9 usiwe na wasiwasi. Ikiwa 6 asubuhi na 9.5 alasiri, maji hayana bikaboneti (chumvi zinazotuliza pH) za kutosha kuzuia mruko huo. Hapo tumia chokaa ya kilimo (mawe ya chokaa yaliyosagwa tu), kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba. Wakati bora ni bwawa likiwa limekaushwa: itandaze sakafuni, kisha jaza maji na usubiri wiki mbili kabla ya kuweka vifaranga. Maji ya bomba yaache wazi juani siku mbili ili klorini itoke.

Chokaa ya kuchoma, ile kali inayotokana na mawe yaliyochomwa, ni jambo jingine kabisa. Inafaa kuua vimelea kwenye bwawa kavu, lakini ukiimwaga penye samaki hupandisha pH ghafla, na ubaya hauishii kwenye pH. Perege hutoa taka yake kwa njia ya amonia kupitia matamvua. Maji ya nyuzi 25 yenye pH 7 huacha chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo katika umbo lenye sumu. Kwa pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi. Amonia ni ileile, sumu imeongezeka zaidi ya mara hamsini. Wengi huua bwawa zima wakijaribu kulitibu hivi. Samaki mdogo wa Ziwa Magadi anaishi kwenye pH ya karibu 10 kwa sababu mwili wake hutoa taka hiyo kama urea. Perege wako hana uwezo huo.

Amonia huanzia kwenye chakula. Samaki 200 wa gramu 100 wana uzito wa kilo 20. Chakula cha asilimia 3 ya uzito huo kwa siku ni gramu 600, basi. Gawa mara mbili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, usilishe alfajiri. Samadi kavu ya kuku isizidi kilo 5 kwa mita 100 za mraba kwa wiki. Siku za mawingu mfululizo punguza chakula nusu, maana mwani hautengenezi oksijeni ya kutosha. Baada ya jua kali mvua kubwa ya baridi ni hatari zaidi: maji baridi ni mazito, huzama na kuyasukuma juu maji ya chini yasiyo na oksijeni.

Samaki wakianza kuhema, simamisha chakula na samadi. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu kupitia ndoo iliyotobolewa matundu, ili kila tone lipite hewani. Kama bwawa lina bomba la chini, lifungue utoe maji ya sakafuni, ukibadilisha mpaka robo ya bwawa. Usiingie kukoroga: tope linaloinuka hula oksijeni iliyobaki. Rudisha chakula nusu ya kawaida baada ya asubuhi mbili mfululizo ambazo hakuna samaki aliyeonekana akihema juu.