SOMO: Kuipoza Raspberry Pi bila kelele za feni usiku (kwa joto letu la Tanga)

Wadau salamu. Wiki mbili nzima bi mkubwa alikuwa anasaka mbu ambaye hayupo, usiku anawasha taa, anakung'uta chandarua, haoni kitu, akilala tu mbu anaanza tena ziiii. Kumbe ni kale kafeni ka Raspberry Pi 4 yangu (kile kikompyuta kidogo cha bodi moja) nyuma ya tivii. Nikaambiwa ama zangu ama za hicho kidude. Haya ndo niliyofanya.

1. Pima kwanza
Iache ifanye kazi zake za kawaida kama nusu saa hivi, afu fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri) uandike `vcgencmd measure_temp`. Pi 4 ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza spidi yenyewe, 85 inajibana zaidi. Kwahiyo mtu anaona 65 anakimbilia dukani kununua feni, hela yake hiyo. Yangu ilikuwa 79 watoto wakiangalia katuni, hapo kweli pabaya.

2. Itoe ilipojificha
Naona aibu kusema ila nilikuwa nimeiweka juu ya king'amuzi, na king'amuzi chenyewe kinachemka kama pasi. Nikaitoa nikaitundika ukutani imesimama wima ili hewa moto ipande juu, ikashuka mpaka 70 bila kutoa hata mia. Ila msiiweke dirishani mkisema inapigwa upepo! Sisi huku upepo unakuja na chumvi ya bahari, nina bodi moja ya zamani matundu ya USB yameota kutu mpaka flashi haiingii.

3. Hitisinki
Kile kibati cha mapezi mapezi kinachovuta joto kutoka kwenye chipu. Mimi nilipewa na fundi kompyuta hapa Ngamiani, kakibandua kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) iliyokufa, nikakikata kwa msumeno wa chuma nikasugua mabaki na spiriti ya mafundi simu. Kibandike juu ya prosesa kwa ile tepu ya kupitisha joto, USITUMIE supagluu, haipitishi joto vizuri na siku ukitaka kukitoa utang'oa na chipu. Angalia pia kisiguse pini za pembeni. Hapo nikafika 62 na ningeweza kuishia hapohapo, wengi wenu mtaishia hapa.

4. Feni, kama bado unaihitaji
Hapa ndo siri ya mbu. Kafeni kadogo lazima kazunguke kwa kasi sana ndo kasukume hewa, ndo maana kanalia. Waya mwekundu wa feni wengi tunauchomeka kwenye pini za bodi, pini ya 4 yenye volti 5, uhamishie pini ya 1 yenye volti 3.3 (ile ya kona upande wa memori kadi, mstari wa ndani), mweusi ubaki pini ya 6. Zima umeme kwanza jamani. Feni itazunguka polepole na sauti inakata, ila zipo feni zinazogoma kuanza kwa volti hizo, ikigoma rudisha.

Mimi mwisho niliachana nako kabisa nikachukua feni kubwa ya volti 12 ya kompyuta ya mezani iliyokufa, nikaipa volti 5 kutoka pini ya 4. Inazunguka kivivu, unaweza kuhesabu mapanga, lakini hewa inatoka ya kutosha. Chini ya skrubu nikaweka vipande vya ndala ili isitetemeshe ukuta. Sasa hivi inasoma 52, chumba chenyewe kiko 31. Na hakuna feni itakayoishusha chini ya joto la chumba, msijipe presha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Chumbageni: Kaka mi joto liko 58 tu lakini inakwamakwama, nifanyeje?
– Hiyo sio joto mkuu, naihisi chaja. Andika `vcgencmd get_throttled`, ikileta 0x0 uko salama, ikileta 0x50005 umeme ni mdogo. Chaja ya simu haitoshi, Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3, na waya usiwe ule mwembamba.

Mdau wa Pangani: Naweza kuiweka kwenye friji mchana? Siulizi kwa utani.
– Hapana shehe. Ukiitoa tu kwenye hewa yetu hii inatoka jasho kama chupa ya soda, na maji kwenye bodi ndo shoti yenyewe.

Dada wa Raskazone: Nimeifunika kitambaa sababu ya vumbi, vibaya?
– Umeivalisha koti dada yangu. Toa kitambaa, pitisha brashi ya rangi kavu kila mwezi, feni uishikilie na kidole isizunguke wakati unasafisha.

Mdau wa Mikanjuni: Feni naweza kuichomeka kwenye pini ya GPIO (zile zinazowashwa na kuzimwa na programu) ili iwake yenyewe ikipata moto?
– Ya waya mbili usichomeke moja kwa moja, pini ile haina nguvu hiyo, utaiunguza. Inatakiwa transista (kidude kinachofanya kazi kama swichi) katikati. Kama una Pi 5 huna haja, ina soketi yake ya feni na inaiwasha yenyewe kuanzia nyuzi 50. Mchoro wa transista nitauweka jumamosi, leo umeme unakatika katika.