Unaanza jiko lako? Anza na kisu, ubao na sufuria nzito

Mtu akianza kujitegemea, kitu cha kwanza anachokimbilia ni ile seti kubwa ya vyombo, sufuria kumi na mbili, visu kumi vimejipanga, rangi zinafanana, inapendeza kweli, afu miezi michache mbele unakuta vinavyotumika ni vitatu tu, vingine vimelala chini ya kabati vinakula vumbi. Naomba usifanye hivyo. Hela ya seti nzima ipeleke kwenye kisu, ubao na sufuria nzito, vingine utaongeza taratibu kadiri unavyopika.

Kabla hujaenda dukani kaa wiki nzima uandike unapika nini hasa (sio unachotamani kupika), mnakula wangapi, na moto wako ni upi. Hili la moto wengi wanalisahau. Jiko la indaksheni (lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) halipashi sufuria isiyoshikwa na sumaku, kwa hiyo tembea na kasumaku kadogo mfukoni, kabandike kwenye kitako cha sufuria, kakishika barabara chukua, kakidondoka achana nayo. Wa gesi huna shida hiyo ila angalia mpini, ule wa plastiki moto ukipanda pembeni unaungua. Na hesabu soketi zako pia, maana birika la umeme peke yake mara nyingi linakula wati 2000 hivi, ukilichomeka pamoja na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja unajitafutia moto.

Haya, kisu. Hapa ndo nakuomba usibanie hela. Kimoja kikubwa chenye makali ya sentimita 15 mpaka 20 na kingine kadogo cha kumenyea, basi, hivo viwili vinafanya karibu kila kitu. Kishike kabla ya kulipa, kikae mkononi bila kukulazimisha kukaza vidole, na chuma kiwe kimeingia mpaka ndani kabisa ya mpini, vile vilivyochomekwa kidogo tu mbele vinaanza kucheza mapema. Watu wanaogopa kisu kikali lakini kinachokata watu ni kile butu, mimi kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kina alama mpaka leo, nilikuwa nakata nyanya, unajua ganda la nyanya linavyoteleza, kisu hakiingii, nikakandamiza kwa nguvu, kikateleza kikaja moja kwa moja kwenye kidole. Kisu kikali hukikandamizi, kinazama chenyewe. Kwa hiyo siku unanunua kisu nunua na kinoo, ukinoe kwa kukilaza kiasi cha digrii 15 hadi 20, pande zote mbili sawa, afu kijaribu kwenye karatasi uliyoishika hewani, kikipita bila kuchanachana kiko tayari.

Ubao uwe wa mti au plastiki. Kioo na marumaru vinaua makali ya kisu, hata viwe vizuri vipi machoni usikatie juu yake. Nunua mbao mbili, mmoja wa nyama mbichi na mwingine wa vitu vinavyoliwa bila kupikwa, usizichanganye kabisa, na chini tandika kitambaa kilicholowa kidogo ili ubao usitembee ukiwa unakata.

Sufuria iinue. Kweli, iinue kwa mkono mmoja usikie uzito wa kitako. Ile nyembamba moto unatua sehemu moja, unakuta katikati kumeshaungua na pembeni bado maji. Stenlesi yenyewe haisambazi moto vizuri ndo maana zile nzuri zimewekewa aluminiamu katikati ya kitako, na aluminiamu tupu inasambaza moto vizuri sana na ni nyepesi, ila vitu vichachu kama nyanya na ndimu usivilaze humo maana vinaila. Kwa watu wawili mpaka wanne, moja ya lita 2 na moja ya lita 5 zinatosha kuanzia, mfuniko ukae bila kuyumba. Kikaango sentimita 26 hivi. Kama ni nonstiki, yaani chenye utando wa kuzuia chakula kisigande, usikiache motoni kitupu, ule utando ukipita kama digrii 260 za Selsiasi unaanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuuvuta, na mwiko uwe wa mti.

Presha kuka ni msaada mkubwa kwa mtu wa kunde na nyama ngumu, ila kabla ya kununua uliza kama ule mpira wa mfuniko unapatikana kama spea, maana ndo unaochoka kwanza. Usijaze kupita theluthi mbili, na kwa vitu vinavyovimba kama maharage iishie nusu. Vijiko vya kupimia navyo chukua, cha chai ml 5 na cha chakula ml 15, vya kulia havilingani. Blenda, mashine za kukatia vitunguu na hayo mengine subiri kwanza, ukishajikuta unakihitaji kitu mara tatu ndani ya wiki ndo kanunue.

La mwisho, tafadhali, mfuniko mmoja bapa wa chuma unaofunika kikaango chako ukae karibu na jiko, sio kabatini. Mafuta yakiwaka unazima jiko, unafunika, unaacha hapo hapo mpaka yapoe kabisa. Usimwage maji na usibebe kikaango kukimbia nacho nje, maji yakikutana na mafuta yanayowaka yanarusha moto mpaka juu. Waonyeshe wote mnaokaa nao huo mfuniko uko wapi.