Namna ya kuandika kisa cha kweli cha mauaji ukiwa na msimamo kuhusu adhabu ya kifo

Ninapinga adhabu ya kifo, na kazi yangu ni kuandika visa vya kweli vya mauaji. Wasomaji wangu wengi hatukubaliani, na ni hao hasa ninaowawaza ninapoandika. Ukitaka nao wakusome hadi mwisho, taja msimamo wako kwenye utangulizi, kwa sentensi mbili au tatu, kisha anza kusimulia. Msomaji anayekuja kuugundua sura ya mwisho hurudi nyuma akishuku kila ulichomweleza.

Kwanza jiulize unapinga, au unaunga mkono, kwa sababu ipi. Kuna anayepinga kwa kuwa mahakama hukosea. Huyo ana kisa cha Timothy Evans, aliyenyongwa London tarehe 9 Machi 1950 kwa kumuua bintiye mchanga. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa John Christie, waliyeishi naye nyumba moja. Mwaka 1953 ikagundulika miili ya wanawake kadhaa humo humo, Christie akakiri kumuua mke wa Evans, ambaye mwili wake ulikuwa umekutwa pamoja na wa mtoto huyo, naye akanyongwa. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, amekwisha kufa. Lakini kisa hicho hakimjibu anayeuliza, “Na yule aliyeua kweli je?” Mimi napinga hata kwa aliyeua kweli, kwa hiyo nachagua majalada ambayo hatia haina ubishi. Ukiwa na msimamo kama wangu halafu ukaandika visa vya waliosingiziwa tu, umelikwepa swali lenyewe.

Ukichagua kisa kigumu, deni lako kubwa ni kwa marehemu. Hapa ndipo waandishi wengi wanaopinga kunyonga hupoteza imani ya msomaji: mfungwa ana utoto, ana mama, ana barua; aliyeuawa ana jina na umri basi. Soma polepole orodha ya vielelezo, yaani vitu vilivyotolewa mahakamani kama ushahidi. Katika jalada moja nililolifanyia kazi kulikuwa na kiatu cha mwanamke ambacho kisigino kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono midogo, iliyopangwa vizuri. Nilimuuliza dada yake. Akaniambia marehemu alikuwa akijishonea viatu mwenyewe, na akaendelea kunieleza habari zake mpaka jioni. Sura nzima ilitoka hapo, na hakuna neno hata moja ndani yake kuhusu kifo.

Familia ya marehemu usiisemee. Waulize waziwazi kama wanataka hukumu itekelezwe, na uandike jibu lote. Wakisema anyongwe, acha maneno yao yabaki hivyo. Usiyafuatishie aya ya kuwasahihisha. Ndugu wa familia moja huweza kutofautiana kabisa, na hilo nalo liandike.

Hakikisha pia sheria ilisemaje wakati wa hukumu. Nchini Kenya, kwa mfano, adhabu ya kifo ilikuwa ya lazima kwa kosa la mauaji hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa kesi ya Muruatetu tarehe 14 Desemba 2017. Ukimwita katili jaji ambaye sheria haikumwachia adhabu nyingine, umemwonea.

Ukifika kwenye kunyongwa kwenyewe, andika kilichomo kwenye kumbukumbu: saa, waliokuwepo, kilichofanyika. Sifa na vielezi viache. Halafu linganisha na pale ulipoeleza mauaji. Kama kifo cha marehemu kimepita kwa mistari miwili na cha mfungwa kimechukua kurasa sita, msomaji ataona kabla yako. Mimi huvisoma vifungu hivyo viwili kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na cha mfungwa nakikata mpaka visikike kama vimeandikwa na mtu mmoja.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mwisho wa kitabu. Mwandishi Mmarekani Truman Capote alikaa miaka akisubiri hatima ya rufaa za Richard Hickock na Perry Smith, wauaji wawili waliohukumiwa kifo, ili akamilishe “In Cold Blood”, kitabu chake kuhusu kisa chao. Walinyongwa Kansas tarehe 14 Aprili 1965, na simulizi ikaanza kuchapishwa mwaka huohuo. Mwandishi hapaswi kujiweka mahali ambapo kitabu chake kinangoja mtu afe, na wewe unayepinga kunyonga ndiwe usiyepaswa kabisa. Kwa hiyo panga mwisho tangu mapema, uwe tukio lililokwisha kutokea: siku ya hukumu, ziara ya mwisho ya ndugu mahakamani, jalada kufungwa. Mweleze mfungwa na wakili wake kwamba kitabu kitatoka rufaa ikikubaliwa au ikikataliwa, na tarehe ya kukabidhi mswada uiheshimu. Hali ya kesi iandike kwa mstari mmoja, pamoja na siku uliyoithibitisha kwa karani wa mahakama.